Kijiwe cha Kioo na Mbu wa Taveta: Historia Fupi kwa Anayetaka Kununua Hadubini



Ndugu msomaji, mwezi huu mtukufu umetukuta sisi vijana wa Voi tukibishana, na safari hii si juu ya kuandama kwa mwezi. Tunabishana juu ya hadubini. Wazee wametuchangia pesa za kununua vifaa vya darasa la likizo la watoto wa madrasa, na kila tukitoka tarawehe mtu ana lake la kusema. Wengi wanataka ile mpya inayong'aa, iliyoandikwa "mara 1200" kwenye boksi. Sisi wachache tunataka kitu kikuukuu cha chuma, kilichotumika, kinachokuza mara 400 tu. Mhariri kanipa kurasa hizi nieleze upande wetu, nami nimeona nipitie njia ya historia, kwa sababu ubishi wenyewe si wa jana. Una miaka zaidi ya 300.

Kabla ya yote niseme kwa nini nina uchungu na jambo hili. Nilipokuwa kidato cha pili niliweka akiba ya pesa za Idd mbili pamoja na vibarua vya hapa na pale, nikapata shilingi 2,500. Nikateremka Mombasa, nikaingia duka moja, nikatoka na boksi lenye picha ya mdudu mkubwa kama simba. Hilo nalo liliandikwa 1200. Usiku huo nyumbani tulikaa kuizunguka kama watu wanaosubiri adhana ya magharibi. Nilichokiona mimi ni kope zangu mwenyewe, na nyuma ya kope ukungu wenye rangi rangi za upinde wa mvua. Mdogo wangu naye akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mbona naona moshi tu?" Skrubu ya plastiki ya kulengea ilikatika kabla hatujamaliza sita ya Shawwal. Yule kijana hajaniomba tena kutazama kitu chochote cha sayansi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko zile shilingi.

Tuelewane pia kuhusu jina. Darubini ni ya kutazamia vilivyo mbali, na neno lenyewe limetoka Uajemi, maana yake ni kuona mbali. Hadubini ni ya kutazamia vidogo. Shuleni wengi wetu husema maikroskopu tu na mambo yanakwenda.

Je, ni sisi tulioigundua?

Katika mihadhara ya vijana utasikia mtu akisema kwamba hadubini iligunduliwa na Waislamu. Hebu tuwe wakweli, maana ukweli wenyewe unatosha. Mnamo mwaka 984 hivi, huko Baghdad, Ibn Sahl aliandika juu ya vioo na lenzi za kuwashia moto kwa jua, na humo akaonyesha kwa hesabu za michoro jinsi mwanga unavyopinda ukiingia kwenye kioo. Baada yake akaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Cairo, ambaye kati ya mwaka 1011 na 1021 hivi aliandika Kitab al-Manazir. Yeye ndiye aliyeeleza wazi kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia jichoni, wala jicho halitoi miali yake. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa Basel, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma sana. Lakini hadubini hakutengeneza. Aliweka msingi wa elimu ya mwanga, na nyumba ikajengwa na wengine. Sioni aibu yoyote hapo.

Hadubini ya lenzi mbili, moja karibu na kitu na nyingine karibu na jicho, ilianza kutengenezwa Ulaya karibu na mwaka 1600. Mwaka 1665 Robert Hooke wa London akatoa kitabu chake Micrographia, chenye picha kubwa ya kiroboto iliyoshangaza watu. Ndani ya utangulizi wa kitabu hicho kuna jambo ambalo watu hulipita. Hooke anaeleza jinsi ya kutengeneza lenzi moja ndogo sana kwa kuyeyusha uzi wa kioo kwenye moto mpaka ncha yake ijikunje kuwa kijiwe cha mviringo. Akakiri kwamba kijiwe hicho kinaonyesha kwa uwazi zaidi kuliko hadubini kubwa ya lenzi mbili, ila kinachosha macho kukitumia.

Mfanyabiashara wa vitambaa

Sasa njoo kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii. Antoni van Leeuwenhoek alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi. Hakusoma chuo kikuu wala hakujua Kilatini, na bila Kilatini siku zile hukuhesabiwa kuwa mwanachuoni. Kazi yake ilikuwa kuuza vitambaa. Wauza vitambaa walikuwa na vioo vya kukuzia ili wahesabu nyuzi na kujua kitambaa kizuri na cha ovyo, kama mama zetu wanavyolishika leso dukani na kulivuta kuangalia ufumaji kabla ya kutoa pesa.

Leeuwenhoek alitengeneza hadubini zaidi ya 500 kwa mikono yake. Usifikirie mtambo wa mezani. Ni bamba dogo la chuma linaloenea kiganjani, lina tundu moja lenye lenzi moja ndogo, na sindano ya kuchomekea kitu unachokitazama. Unalishika karibu kabisa na jicho na kuelekea penye mwanga. Basi. Kwa kitu hicho, mwaka 1676 aliwaandikia wanachuoni wa London barua ya kueleza viumbe vidogo alivyoviona kwenye maji, na mwaka 1683 akaeleza vile alivyovitoa kwenye ukoga wa meno. Alikuwa akiona bakteria. Ile hadubini yake bora iliyobaki, inayohifadhiwa Utrecht, hukuza mara 266 hivi. Narudia, 266. Si 1200.

Siri ya lenzi zake hakumwambia mtu mpaka alipofariki mwaka 1723. Watu wamebahatisha kwa miaka karibu 300. Mwaka 2021 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuipiga picha ya ndani hadubini ile ya Utrecht kwa miale ya nyutroni, bila kuifungua, wakakuta kijiwe cha kioo cha mviringo kilichotokana na kuyeyushwa, kwa njia ile ile inayofanana na ya Hooke. Mbinu ilikuwa kitabuni muda wote.

Kwa nini lenzi moja ya muuza vitambaa ilishinda mitambo ya lenzi mbili? Jibu ni ule moshi alioona mdogo wangu. Kioo kinapopinda mwanga hakipindi rangi zote sawasawa, nyekundu huangukia mahali pengine na buluu pengine. Ukiweka lenzi mbaya juu ya lenzi mbaya, kosa linazidishwa pamoja na picha. Hadubini za lenzi mbili zilisumbuliwa na jambo hili kwa zaidi ya karne moja, mpaka mwaka 1830 Joseph Jackson Lister wa London alipoeleza namna ya kupanga vioo vya aina mbalimbali ili kimoja kirekebishe makosa ya mwenzake. Huyu naye hakuwa mtu wa maabara. Alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo aliyependa lenzi kama burudani yake, na mwanawe ndiye Joseph Lister, daktari aliyefundisha upasuaji safi.

Kisha mwaka 1873, Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani, aliyefanya kazi na Carl Zeiss, akafunga mjadala kwa hesabu. Alionyesha kwamba mwanga wenyewe una mpaka. Vitu viwili vilivyokaribiana sana kuliko nusu ya wimbi la mwanga hivi, yaani kiasi cha sehemu mbili za elfu kumi za milimita, hadubini ya mwanga haiwezi kuvitenganisha hata ukiikuza namna gani. Ukizidisha hapo unakuza ukungu. Ni sawa na kuichukua picha ndogo ya simu ukaibandika kwenye bango la barabarani. Ukubwa umeongezeka, lakini sura ya mtu huioni vizuri zaidi.

Damu kwenye kioo

Nisingeandika haya yote kama yangekuwa mambo ya Ulaya tu. Hadubini ina kisa chake na watu wa huku kwetu, na kisa hicho ni malaria.

Mwaka 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alikuwa katika hospitali ya Constantine, Algeria. Tarehe 6 Novemba alitazama damu mbichi ya askari mgonjwa, isiyotiwa rangi yoyote, akaona kitu chenye mikia membamba kikichezacheza. Lenzi yake haikuwa zile bora za kutumbukizwa kwenye mafuta. Wakubwa wa fani walimkatalia kwa miaka kadhaa, wakaja kukubali walipotumia lenzi za mafuta wenyewe.

Miaka 17 baadaye, Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko Secunderabad, India, alikuwa akipasua mbu mmoja mmoja katika joto la Agosti. Pangaboi hakuweza kulitumia kwa sababu upepo ungepeperusha mbu wake. Mwenyewe aliandika kwamba skrubu za hadubini yake zilikuwa zimeshika kutu kwa jasho lake, na lenzi ya jicho iliyobaki ilikuwa na ufa. Mgonjwa aliyejitolea kuumwa na mbu wale aliitwa Husein Khan, na alilipwa anna moja kwa kila mbu. Anna 16 ndizo zilizofanya rupia moja. Mbu kumi walimuuma, akapata anna kumi. Tarehe 20 Agosti 1897, ndani ya tumbo la mbu aliyekunywa damu ya Husein Khan, Ross akaona vijidudu vya malaria vikikua. Mwaka 1902 alipata tuzo ya Nobel. Kwa Husein Khan, historia imehifadhi jina lake na zile anna.

Siku hizo hizo reli ilikuwa ikija kwetu. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na mwaka 1898 ukawa umefika mto Tsavo, kwa hiyo Voi ilipata reli katikati ya miaka hiyo. Wengi tunajua habari ya simba wa Tsavo, filamu ngapi zimetengenezwa. Mbu hana filamu. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta ili wapigane na Wajerumani, na katika vita vile vya Afrika Mashariki magonjwa yaliangusha askari na wapagazi wengi kuliko risasi, malaria ikiwa mstari wa mbele.

Halafu kuna jambo ambalo sikulisikia hata siku moja darasani, ingawa lilitokea kilomita mia moja na kitu kutoka darasa letu. Kati ya mwaka 1954 na 1959 kulikuwa na mradi mkubwa wa kujaribu kuitokomeza malaria katika nchi ya Wapare, upande wa Tanganyika, na Taveta, upande wa Kenya. Uliongozwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara. Nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin kwenye kuta za ndani, na watu walipimwa damu, wakiwemo watoto wachanga na wa shule. Kila tone liliwekwa kwenye kipande cha kioo, likatiwa rangi, na mtu akakaa kwenye hadubini kulisoma. Nyanya yangu alizaliwa Taveta na anakumbuka. "Walinidunga kidole hiki hapa," huniambia akikiinua, "nilikuwa kitoto, sikujua wanatafuta nini mle ndani."

Matokeo yalikuwa makubwa. Malaria ilishuka sana, ila haikwisha kabisa, na upuliziaji ulipokoma ikarudi polepole katika miaka ya 1960. Dieldrin yenyewe sasa imo katika orodha ya sumu zilizopigwa marufuku na mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Lakini kinachonivutia mimi ni mbu. Mbu aitwaye Anopheles funestus, anayependa kuingia ndani na kuuma watu, alitoweka karibu kabisa. Hata hivyo bado walionekana mbu waliofanana naye kama pacha. Watafiti wawili, Gillies na Smith, walichunguza na mwaka 1960 wakaeleza kwamba hao walikuwa jamii nyingine, Anopheles rivulorum, ambao wengi wao huuma ng'ombe. Jamii moja imeondoka, ndugu yake kashika nafasi, na kwa macho matupu usingejua kitu. Tofauti iko kwenye alama ndogo ndogo, hasa wakiwa bado viluwiluwi majini. Bila lenzi nzuri mtu angesema dawa imeshindwa.

Sasa tununue nini?

Turudi kwenye pesa za wazee. Kitu cha kwanza, tena cha bei ndogo kabisa, ni lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, ile ya kukunja anayotumia sonara. Moja ya kioo, si ya plastiki. Watoto watano wenye lenzi tano watajifunza mengi kuliko watoto 30 wanaopanga foleni kwenye mtambo mmoja. Kwa lenzi hiyo unaweza kutofautisha kiluwiluwi cha mbu wa malaria na cha mbu wa kawaida anayekunyima usingizi: wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, wa kawaida huning'inia kichwa chini, mrija wake wa pumzi umegusa juu.

Kitu cha pili ni hadubini ya karatasi. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha habari za Foldscope, inayokunjwa kwa karatasi kama mtoto anavyokunja mashua, na vifaa vyake viligharimu chini ya dola moja. Moyo wake ni nini? Kijiwe cha kioo cha mviringo. Ni Leeuwenhoek karudi. Ile ya kawaida hukuza mara 140, inatosha kuonyesha seli za ngozi ya kitunguu na wadudu wa maji. Wanaoicheka kwa kuwa ni karatasi wamesahau kwamba bakteria walionekana mara ya kwanza kwa kitu kisichozidi hicho sana.

Kitu cha tatu ndicho kinachotugombanisha. Mimi nasema tutafute hadubini ya wanafunzi iliyotumika, mwili wa chuma, lenzi za kioo. Boksi achana nalo, soma maandishi kwenye lenzi ya chini yenyewe. Ukikuta 40/0.65, ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ndiyo ile hesabu ya Abbe, yaani uwezo wa kutenganisha vitu. Zidisha hiyo ya pili kwa 1000 na utapata ukomo wa ukuzaji wenye faida, hapa 650. Kwa hiyo 40 kwa lenzi ya jicho ya 10 ni mara 400, uko salama. Lenzi isiyo na namba ya pili, muuzaji hana cha kukueleza.

Kisha ifungue hiyo lenzi. Mwaka 1858 chama cha wapenzi wa hadubini cha London kiliweka kipimo kimoja cha nyuzi za skrubu za lenzi, na kipimo hicho kinatumika mpaka leo. Ikiwa lenzi ina nyuzi hizo, ikiharibika unanunua nyingine, hata ya kampuni tofauti. Za kuchezea zina nyuzi zao wenyewe au zimegundishwa, zikiharibika ni za kutupa.

Nenda mchana na kipande cha gazeti. Lenga herufi moja kwa kila lenzi, ukianza na ndogo. Zungusha skrubu, uone kama inakwenda laini na kama meza haishuki yenyewe ukiiachilia. Toa lenzi, imulike kwa tochi ya simu, tazama kama kuna utando kama wa buibui ndani. Hiyo ni kuvu, na Mombasa kwa ule unyevu iko nyingi, usinunue hata ukipunguziwa nusu ya bei. Sisi wa Voi adui yetu ni vumbi jekundu, nalo dawa yake ni kuifunika kila ukimaliza na kutofuta kioo kwa kikoi.

Kuhusu taa, nashauri yenye kioo cha kuakisi mwanga, au taa ya betri ya kuchaji, maana stima tunaijua. Ila onyo: kioo kielekezwe kwenye anga jeupe au ukuta, kisielekezwe kwenye jua lenyewe hata mara moja. Jicho la mtoto halina spea. Na damu tuiache hospitalini. Kusoma vijidudu vya malaria kunahitaji lenzi ya mafuta ya mara 100, rangi maalumu na mtu aliyesomea, wala sindano hazichezewi madrasa. Anayetaka kuonyesha watoto anaweza kununua slaidi iliyokwisha tengenezwa.

Hapa nakiri kwamba wenzangu wana hoja moja nisiyoweza kuipuuza. Kikuukuu hakina waranti, na pesa si zetu. Fundi wa kuzitengeneza hapa Voi simjui. Ndiyo maana nimependekeza tusinunue bila kwenda na mtu wa maabara anayezitumia kila siku, na tukikosa nzuri tununue lenzi za mkononi na za karatasi, zinazobaki tuwarudishie wazee. Kikao ni Jumapili baada ya alasiri.

Lenzi moja ya mara 10 nimeshainunua kwa pesa yangu. Wiki iliyopita nilikwenda Taveta kufuturu na nyanya, na kabla ya magharibi nikateka maji ya mfereji kwenye glasi, nikayaweka dirishani. Alinisumbua nimsogezee karibu, kisha nimwondolee miwani, kisha nimrudishie. Mwishowe akatulia, jicho moja kalifumba.

"Huyu mbona amelala tu juu ya maji?"

"Ndiye huyo, nyanya. Wa malaria hulala hivyo."

Alitazama kwa muda mrefu. Adhana ilipoanza nikamletea tende, akaipokea kwa mkono mmoja, lenzi bado ameishika kwa mwingine.